Mvuvi wa Kasulu

Mume wangu huomba chakula mpaka kinapoa. Huanza kwa kumshukuru Mungu kwa ugali, akapita kwa mkulima aliyepanda mahindi, akaingia kwa marais wa nchi tulikotoka na nchi tuliko, akawataja wagonjwa wetu wote wa Louisville, na anapofika kwenye "amina" mchuzi umeshaganda juu. Mapacha wetu, wasichana wa miaka kumi na mmoja, wana ujuzi wa kutafuna huku macho yamefumbwa. Mimi nimevumilia, maana niligundua zamani kwamba mwanamume anayeomba hivyo hana uso wa kulalamikia chumvi.

Jioni moja ya mwezi wa tatu alirudi kutoka kazini amevaa suruali ya mtu mwingine, fupi, imeishia juu ya vifundo vya miguu. Nguo zake mwenyewe alizibeba kwenye mfuko wa takataka, zinachuruzika maji. Nikamuuliza kulikoni.

"Nimeanguka mtoni kidogo," akasema.

"Mtu anaangukaje mtoni kidogo, Baba Mapacha?"

"Kidogo tu. Wamenitoa."

Akaketi mezani. Akainamisha kichwa. Akasema, "Asante Bwana, amina," kisha akavuta pumzi kwa mabega. Mapacha wakafumbua macho, mmoja amejaza mdomo. "That's it?" akauliza. Mimi nikaweka kijiko chini. Nilijua mume wangu ni mgonjwa, tena sana, na kwamba hataniambia.

Lakini kwanza nieleze alifikaje mtoni, kwa sababu mume wangu na maji hawajawahi kupatana. Sisi ni Warundi wa kambini. Yeye alizaliwa Rumonge, na akavushwa Ziwa Tanganyika akiwa mgongoni kwa mama yake, wakati wa kukimbia. Baba yake alikuwa mvuvi, na alikufa katika safari hiyohiyo. Dhoruba, ndivyo tulivyoambiwa sote. Baada ya hapo mtoto alikulia katika kambi za Kasulu, kwenye vilima, mbali na ziwa, ambako maji tuliyoyajua ni ya foleni ya bomba. Kina kirefu zaidi alichowahi kuingia ni shimo la kufyatulia matofali, tena baada ya mvua.

Aliyemlea ni kaka wa marehemu, ambaye sote tunamwita Baba Mkubwa. Ndiye pia aliyeshika kesi.

Aliyeishi kambini hahitaji kuelezwa kesi ni nini. Kwa wengine niseme hivi: kesi ni habari ya maisha yenu mtakayomsimulia Mzungu wa mahojiano ili mpelekwe Amerika. Inaweza kuwa kweli tupu, lakini lazima iwe moja. Mtaulizwa leo, mtaulizwa mwakani, kila mtu kwenye chumba chake, na atakayetofautiana na mwenzake juu ya rangi ya mlango wa nyumba iliyochomwa ameizika familia nzima. Kwa hiyo Baba Mkubwa alitukalisha jioni baada ya jioni akitusomesha. Sisi ni wavuvi, alisema. Babu alikuwa mvuvi, baba alikuwa mvuvi, na wewe kijana kazi yako ni uvuvi.

"Nimevua wapi, Baba?" mume wangu akauliza. "Hapa Kasulu?"

"Wewe unataka kuniharibia kesi," Baba Mkubwa akajibu, na mjadala ukaisha.

Mimi nilikuwa mchumba tu wakati huo, nikaingizwa kwenye kesi kama muuza dagaa. Sijawahi kuuza hata dagaa mmoja. Lakini niliisoma sehemu yangu vizuri, na mpaka leo ukinishtua usingizini ukaniuliza kazi yangu ya zamani, nitakwambia dagaa, na nitakueleza jinsi ya kuwaanika wasiote ukungu. Siku ya mahojiano afisa hakuuliza lolote kuhusu samaki. Aliandika, akaitikia kwa kichwa, akatuaga. Miaka michache baadaye tukapanda ndege.

Louisville ilitupokea vizuri. Mume wangu akapata kazi ghalani, kupanga maboksi, kazi kavu kabisa. Tungekuwa tumetulia mpaka leo kama si mzee mmoja wa Kizungu wa kanisa lililotupokea, mtu mwema kupita kiasi. Alikuwa akitupeleka kwa daktari wa meno, akiwafundisha mapacha baiskeli, na kila mara akimhoji mume wangu juu ya maisha ya zamani. Siku aliposikia neno mvuvi, uso wake ulibadilika. Alisikitika kwamba mtu wa ziwa amefungiwa kwenye ghala lisilo na dirisha. Alizunguka kwa marafiki zake wiki kadhaa, halafu akaja kwetu Jumapili moja machozi yakimlengalenga, akasema amemrudishia mume wangu maji yake. Alimpatia kazi ya ubaharia kwenye mto Ohio.

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mume wangu alisema asante. Mahojiano ya uraia yalikuwa bado mbele yetu, na kwa akili yetu ya kambini Wazungu wote wanakula sahani moja: ukimwambia wa kanisani kwamba hujawahi kuvua, kesho yake wa uhamiaji anakuuliza umedanganya nini kingine. Nilimwambia aseme anaogopa baridi. Akasema mvuvi haogopi baridi.

Basi akawa baharia. Boti yao ni tagi, fupi na nene, yenye nguvu za kutisha, kazi yake kusukuma matishari, yale masanduku makubwa ya chuma yanayobeba makaa na kokoto. Tagi linasukuma, na baharia anatembea ukingoni mwa matishari akifunga na kufungua nyaya zinazoyashikanisha. Ukingo wenyewe ni mwembamba. Upande mmoja chuma, upande wa pili mto wa rangi ya chai ya maziwa, unaokwenda zake bila kumuuliza mtu hali. Siku ya kuajiriwa walimuuliza kama anajua kuogelea. Akajibu kwamba amezaliwa ziwani, jambo ambalo si uongo.

Mimi sikukaa kimya, sina tabia hiyo. Nilijaza bafu la kuogea nyumbani, nikamwamuru atie uso ndani ajizoeze. Mapacha, ambao shule yao ina bwawa na wanaogelea kama waliozaliwa humo, walikaa kwenye ukingo wa bafu wakitoa mafunzo. Mume wangu aliingiza pua, akaitoa haraka, na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Daddy, you're not even under," mmoja akamwambia.

"Niko chini," akajibu baba yake, maji yakimfika kidevuni.

Kwenda kwenye bwawa la umma alikataa katakata. Warundi wenzetu huenda pale Jumamosi na watoto. Wangemwona mvuvi akifundishwa kuogelea na msichana wa Kizungu mwenye filimbi, na habari ingekuwa imefika Buffalo, anakoishi Baba Mkubwa siku hizi, kabla nywele hazijakauka. "Nina jaketi," aliniambia. Ni kweli alikuwa na jaketi okozi, rangi ya chungwa, na sheria ya kazini ni kulivaa na kulifunga. Ila mume wangu kwa hofu ya baridi alivaa makoti mawili chini yake, na akishageuka kona, mahali msimamizi asipomwona, alifungua vifungo vyote apate kuinama. Likawa linamning'inia tu.

Siku yenyewe kulikuwa na barafu ukingoni. Alikuwa analegeza waya kati ya matishari mawili, mguu ukaondoka. Alinisimulia baadaye kwamba alishaapa zamani, akianguka atafunga mdomo, hilo tu, atafunga mdomo mpaka wamtoe. Lakini maji ya Ohio mwezi wa tatu hayana utani. Baridi ile ilimfungua mdomo yenyewe. Kifua kilivuta pumzi bila ruhusa yake, na kilichoingia kilikuwa mto. Jaketi lilipanda juu likamvuka kichwa, akabaki ameshika kamba yake moja. Makoti mawili yakanywa maji yakawa mazito. Mwenzake, mtu mrefu wa Kentucky, alimkamata kwa mti wenye kulabu, akamvuta kwa kola ya koti la ndani. Wakamlaza ubavu, akatapika mto.

Waliita ambulensi. Wahudumu wakataka kumpeleka, msimamizi naye akataka apelekwe. Mume wangu alikuwa ameshasimama, anatetemeka, anatabasamu, anawaambia wote yeye ni mvuvi na kunywa maji kidogo si ugonjwa. Alikataa kwa adabu mpaka wakachoka. Akakopeshwa suruali, akarudi nyumbani, akaomba ile sala ya maneno matatu.

Nilichukua funguo za gari. Akasema apumzike kwanza. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kama anataka kuumbuliwa asubiri watoto wamalize shule. Alipofika mlangoni ilibidi ashike ukuta. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Niliendesha nikimtukana njia nzima, kwa sababu kama ningenyamaza ningelia, na anayelia haoni taa nyekundu.

Hospitali walimbana kidole kwa kile kifaa chao cha kupima oksijeni. Nesi akasoma, akaanza kutembea haraka. Punde si punde alikuwa kitandani, barakoa usoni, hewa inavuma. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Akaleta simu ya mkalimani, akaiweka juu ya shuka. Ikatoka sauti ya mwanamume wa pwani, Kiswahili kimenyooka kama cha redio.

"Daktari anauliza, ndugu mheshimiwa, je, ulipoteza fahamu?"

Nilimwona kwa macho yangu. Mume wangu, ambaye dakika ile hakuweza kushika kikombe, alijivuta akakaa wima. Akaweka mikono juu ya magoti. Maisha yetu yote, sauti ya mkalimani ikisikika na Mzungu akisubiri na kalamu, hayo ni mahojiano, na kwenye mahojiano hakuna maumivu, kuna kesi.

"Hapana," akajibu ndani ya barakoa. "Sikupoteza."

"Ulikaa majini kwa muda gani?"

"Mfupi."

"Je, unajua kuogelea?"

"Ndiyo. Mimi ni mvuvi. Baba alikuwa mvuvi. Babu alikuwa mvuvi."

Mkalimani akatafsiri ukoo mzima. Daktari akanigeukia mimi, labda niongeze jambo la kusaidia. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitaka kumwambia huyu mtu hajui maji, amekunywa mengi, amekaa muda mrefu, msimwamini hata neno moja. Badala yake nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba mimi nilikuwa nauza dagaa.

Daktari alivumilia. Akatueleza taratibu kwamba picha ya kifua imeonyesha mapafu yameumia. Maji yakishaingia huko, alisema, hata yakitoka, yanakuwa yameharibu utando unaoyafanya mapafu yabaki wazi, na uvimbe huja polepole, baada ya saa nyingi. Mabaharia wengine wanaoanguka hutolewa majini wakiwa hai, wakasema wako sawa, wakaenda kulala, na kitandani pakavu ndipo wanapozidiwa. Akasema ni vizuri tumekuja. Nikashika chuma cha kitanda. Niliogopa, tena sana, na tangu saa ile nilijua jambo moja tu: huyu mtu akirudi kwenye matishari bila kujua kuogelea, mto hautamrudisha mara ya pili.

Nikampigia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi Whitehall, pale Columbus. Nilimweleza kwa uangalifu: mdogo wako ameanguka mtoni, yuko hospitali, anapumulia mashine, daktari anasema atapona. Wifi alisikia mpaka neno mashine, akatupa simu. Kwa simu, kutoka Columbus mpaka Buffalo, mume wangu alikufa. Nyumba ya Baba Mkubwa, karibu na Grant Street, ilijaa watu. Viti vya kanisa vikaletwa, maji ya chai yakabandikwa, na Mama mmoja Mkongo mwenye duka mtaani hapo akaleta sufuria ya wali.

Nilipiga simu ya video ili wamwone. Mgonjwa akapunga mkono akiwa na barakoa yake. Sauti ya mwanamke ikasema kwa nyuma, "Wanatuonyesha video ya zamani." Mume wangu akaivua barakoa athibitishe, akasema, "Baba, mimi mzima," na kikohozi kikamkamata hapohapo. Wakaanza kumwombea sala ya safari ya mwisho. Nikakata. Nilisikia baadaye kwamba hata walipoamini yu hai hawakuondoka mpaka wali ulipokwisha.

Alikaa hospitali wiki na ushei. Aliporudi alikuwa mwembamba, anakohoa akipanda ngazi, na daktari alimkataza kazi kwa muda. Muda huo ulipokaribia kuisha, nikamkuta anasafisha viatu vya kazini.

"Unakwenda wapi?"

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Mama Mapacha."

"Uliyavulia nguo lini wewe? Ulikuwa na makoti mawili."

Alicheka mpaka akakohoa, lakini viatu akaendelea kusafisha. Nikamwambia aombe kurudi ghalani. Akasema mzee wa kanisa atauliza kwa nini mvuvi anakimbia maji. Nikamwambia basi aseme ukweli. Akasema ukweli si wake peke yake, kuna kesi ya watu wengi humo, na aliyeifunga ndiye pekee wa kuifungua. Kwa hiyo niliamua twende kwa Baba Mkubwa.

Mwezi wa sita tukawapakia mapacha tukaenda Columbus, tukalala kwa wifi, asubuhi tukaendelea naye. Wifi alikalia kiti cha mbele kama msimamizi wa safari na hakufurahia shabaha yake. "Usiguse kesi, wifi," aliniambia kila tulipopita bango. "Kesi imetuleta hapa sote." Nikamwuliza kama anataka ituletee na maiti. Akaongeza sauti ya nyimbo za injili.

Sasa kwetu kuna heshima moja. Mke wa mtoto hamkabili baba mkwe. Hamtazami usoni, hamwiti jina, na akiwa na neno zito hulipitisha kwa mtu. Sebule ya Baba Mkubwa ni ndogo, magoti yetu yalikaribia kugusana, lakini nilikaa upande, nimelitazama pazia. Mzee alikuwa na furaha kubwa. Tayari alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mwanawe aliogelea chini ya barafu. Mume wangu alikuwa anaangalia zulia.

Nikamgeukia wifi nikasema kwa sauti ya kutosha, "Naomba umwambie Baba kwamba mwanawe hajui kuogelea, na kazi hii itamuua."

Wifi akamgeukia mzee. "Baba, mkweo anasema safari ilikuwa nzuri."

"Mungu ashukuriwe," akasema Baba Mkubwa, ambaye masikio yake si mazima.

Nilikuwa nakusanya pumzi ya kurudia, heshima au la, mlango ukagongwa. Aliingia mchungaji wao, Mkongo wa Uvira, mchangamfu, mwenye tumbo la kutangulia.

"Bon. Baharia wetu ndiye uyu?" akasema akimshika mume wangu mkono kwa mikono miwili. "Bwana asifiwe. Donc, sikia, Papa. Kesho kisha ibada tuko na ubatizo ku ziwa. Wengine wale ni wanene, nakwambia kweli. Mwaka ulipita mama moja aliteleza, tulimupata na shida. Sasa Mungu ametutumia mutu wa maji. Weye utasimama kule mbele, kule maji inakuwa mingi. Mutu akiteleza, unamukamata tu."

Nilimtazama mume wangu aseme hapana. Baba Mkubwa alikuwa ameshajibu ndiyo.

Jumapili hiyo tuliabudu Kenmore, kwenye jengo la Wazungu ambalo kanisa lao hulitumia mchana, kisha magari yakafuatana mpaka ufukweni mwa Ziwa Erie. Wabatizwa walivaa kanzu nyeupe. Kwaya ikajipanga mchangani na kinanda chake cha betri. Nilimshika mume wangu mkono wa shati, nikamwambia kwa Kirundi kwamba akiingia humo mimi naye basi. Akanijibu, "Watu wote wanatazama." Akavua viatu, akaingia.

Maji yalimfika magotini. Mchungaji akampungia mkono, mbele zaidi. Yakamfika kiunoni, na bado mkono ulikuwa unapunga. Nilikuwa nauona mgongo wake. Mabega yalianza kupanda na kushuka kama jioni ile mezani, na wimbi moja, wala si kubwa, likampiga kifuani. Akasimama. Akageuka akatutazama sote, kanzu nyeupe, kwaya, watoto wake, mzee wake aliyeegemea fimbo akitabasamu kwa fahari.

"Mchungaji," akasema. "Mimi sijui kuogelea."

Mchungaji akacheka kwa tumbo lote. "Ah, Papa uyu! Iko na mizaha."

"Sijui. Sijawahi kujua."

Hapo kwaya nzima ikacheka. Wabatizwa walioogopa maji wakacheka kwa kupata nafuu, mpiga kinanda akapiga noti mbili za kuchekesha, na mtu akapaza sauti kwamba baharia wa Louisville ni mchekeshaji. Wimbi jingine likaja, likamyumbisha, akanyoosha mikono ajizuie, wakazidi kucheka. Nilipiga kelele jina lake. Nikaanza kuingia na kitenge changu, nami sijui kuogelea pia, lakini kuna mtu alinipita.

Alikuwa Baba Mkubwa. Fimbo aliitupa. Aliingia ziwani na viatu vyake vya Jumapili, na suti, mzee yule anayeshikwa mkono kuvuka Grant Street, akitembea mbio ndani ya maji mpaka yakamfika kifuani, akamkamata mume wangu kwa mkanda wa suruali, akamgeuza, akamvuta. Akamburuta hivyo mpaka mchangani. Walikaa chini wote wawili. Mchungaji alikuja mbio, kicheko kimekwisha, akawaambia waimbaji waanze wimbo, na ubatizo ukahamishiwa mahali ambapo maji yanaishia gotini.

Kazi ya mto mume wangu aliiacha wiki hiyohiyo. Mzee wa kanisa alielezwa, akaomba msamaha yeye, maskini. Uraia tuliupata, na hakuna aliyetuuliza habari za samaki. Hayo yote yalikuja baadaye. Pale mchangani Baba Mkubwa alikuwa bado hajamwachia mwanawe mkanda, na alikuwa analia waziwazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilisahau heshima, nikamtazama usoni.

"Hapakuwa na dhoruba," akasema. "Ziwa lilikuwa limetulia siku ile. Baba yako alianguka akilegeza kamba, hata hatujafika mbali, tulikuwa bado tunaona watu ufukweni. Akaita kwamba hajui kuogelea. Mvuvi, mwanangu. Boti nzima tulicheka. Tulimcheka mpaka akanyamaza."